Kata na kataa: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kusoma irabu mbili zinazofuatana

Mtoto akisoma "kata" mahali palipoandikwa "kataa", amegeuza maana ya sentensi nzima. "Shangaa" ikiwa "shanga", habari ya mshangao imekuwa habari ya mapambo. "Kuuliza" ikipoteza u moja inakuwa "kuliza", na aliyekwenda kuuliza swali anaonekana alikwenda kumtoa mtu machozi. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, walimu wengi hulipita somo hili mbiombio, wakiamini kwamba mtoto akishazijua a, e, i, o, u na silabi za kawaida, mengine yatajileta yenyewe. Hayajileti. Aa, ee, ii, oo na uu zinastahili somo lake, wiki tatu au nne za dakika chache kila siku.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa madarasa ya mwanzo na mzazi anayefundisha nyumbani. Mtoto tunayemlenga ana miaka sita hadi minane na tayari anasoma maneno mafupi kama "meza", "kuku" na "soma".

Kinachofundishwa hasa

Wengi humwambia mtoto, "Hapa vuta sauti." Maelezo haya ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo. Kuvuta hakuna kipimo: mmoja atavuta kidogo, mwingine mpaka pumzi imwishie, na hakuna kati yao atakayejua aandike herufi ngapi. Silabi, kinyume chake, zinahesabika.

Katika Kiswahili kila irabu hubeba silabi yake. "Tai" ni ta-i, silabi mbili. "Taa" nayo ni ta-a, silabi mbili vilevile. "Kataa" ni ka-ta-a. Ukitaka uthibitisho, kitazame kitenzi kinavyobadilika: amekaa, akae, hakai. Irabu ya mwisho imechukua sura tatu peke yake (a, e, i), na ile iliyoitangulia haikuguswa. Kama aa ingekuwa sauti moja ndefu, nusu yake isingebadilika huku nusu nyingine imebaki.

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: KA-ta, lakini ka-TA-a; SHA-nga, lakini sha-NGA-a. Irabu inapoongezeka mwishoni, mkazo unahama. Hii ni zawadi kubwa kwa mwalimu, maana mtoto anayesema Kiswahili tayari anakusikia kuhama huko hata kama hajawahi kuambiwa.

Lakini mkazo huohuo una mtego. Silabi yenye mkazo hurefuka kidogo inapotamkwa, hata ikiwa na irabu moja. Sema "baba" kwa sauti ya kawaida: ba ya kwanza ni ndefu kidogo kuliko ya pili. Ndiyo sababu mtoto mwenye sikio zuri huandika "baaba" au "meeza". Usimwite mzembe, alichoandika amekisikia. Mpe jaribio la -ni. Meza, mezani: mkazo umehama, na ule urefu wa "me" umetoweka, kwa hiyo e ni moja. Mtaa, mtaani: mkazo umehama, lakini a zote mbili bado zinasikika, m-ta-a-ni. Choo, chooni: vilevile. Jaribio hili halifai vitenzi, ila kwa nomino za vitu na mahali linatosha kumaliza ubishi.

Kabla ya kuanza

Mwandikie mtoto silabi ishirini zilizochanganywa (mu, te, ka, zo, li na kadhalika). Akikosea zaidi ya mbili, rudi kwenye silabi kwanza. Mwambie pia apige makofi kwa silabi za maneno unayotamka: me-za, ka-la-mu, m-to-to. Asiyeweza kuhesabu silabi kwa sikio hatafaidika na hatua zinazofuata, hata kadi ziwe nzuri vipi.

Kisha kuna usafi wa kufanya, na huu unamhusu mwalimu. Wimbo wa ubaoni wa "baaa, beee, biii, booo, buuu" unamzoesha mtoto kwamba silabi ya kawaida ni ndefu. Anayesoma ma-ma kwa sauti ya "maaa-maaa" hana pa kuiweka tofauti ya "ta" na "taa", kwa sababu ameshaifuta. Wiki moja kabla ya somo hili, silabi zisomwe fupi, kila moja kwa pigo moja la kofi, na wewe usome hivyohivyo unapoonyesha mfano. Wiki hiyo si ya kuruka. Bila kubadili mazoea haya, kila kitu hapa chini kinakwenda kwa kuchechemea.

Vifaa ni vichache: kadi thelathini hivi za karatasi ngumu, kalamu nene, vizibo vya chupa au vijiwe kumi kwa kila mtoto, na kipande cha karatasi cha kufunikia neno. Muda ni dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. Maneno mapya yasizidi sita kwa siku.

Hatua ya 1: Sikio kabla ya jicho

Siku mbili au tatu za kwanza hakuna kuandika wala kusoma. Tumia jozi hizi:

- kata, kataa
- shanga, shangaa
- koma, komaa
- tamba, tambaa
- chaka, chakaa

Eleza kila neno kwa kitendo au sentensi fupi, kwa sababu mtoto asiyejua maana hasikii tofauti, anasikia kelele mbili zinazofanana. "Chaka" na "chakaa" huenda yakawa mageni kwake. Yaache kama hayaeleweki, jozi tatu zinatosha.

Tamka neno kwa kasi ya kawaida. Mtoto anaweka kizibo kimoja kwa kila silabi: ka, ta, vizibo viwili, ka, ta, a, vizibo vitatu. Baada ya hapo acha vizibo, aonyeshe vidole viwili au vitatu tu. Usitamke kwa zamu ya fupi, ndefu, fupi, ndefu. Mtoto ataushika mpangilio na kuacha kusikiliza. Changanya: tatu, tatu, mbili, tatu, mbili, mbili. Usitoe macho wala kupanua mdomo kwenye neno refu, maana atakusoma uso. Akipata nane kati ya kumi siku mbili mfululizo, endelea.

Hatua ya 2: Irabu mbili zisizofanana

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayorahisisha yote. Kabla ya aa, mtoto asome irabu jirani zilizo tofauti: jua, tui, pia, leo, bei, kiatu. Hapa hana pa kujificha: u na a zinaonekana tofauti na zinasikika tofauti, kwa hiyo lazima azitamke zote. Anajifunza kwamba kila irabu inasema, hata kama haina konsonanti mbele yake.

Sasa daraja la kuvukia kwenda kwenye irabu zinazofanana. Andika kadi ya "ka" na kadi tatu ndogo za e, i, a. Ziweke kwa zamu: ka-e, ka-i, ka-a. Fanya hivyo na "va": va-e, va-i, va-a. Halafu zitie kwenye maneno kamili: akae, hakai, amekaa, avae, havai, amevaa. Mtoto aliyetoka kusoma "akae" na "hakai" huisoma "amekaa" bila kuambiwa lolote kuhusu kuvuta, kwa sababu amekwisha kuona kwamba nafasi ile ya mwisho ina mwenyewe.

Hatua ya 3: Maneno mafupi, karatasi ya kufunikia

Anza na maneno ya silabi mbili yenye konsonanti nyepesi: taa, saa, kaa, vaa, faa, juu, kuu, koo, hii, tii. Aa itangulie, kwa kuwa ndiyo yenye maneno mengi. Kisha uu, ii, oo. Ee iachwe mwisho, kwa sababu maneno yake mengi ya kawaida, kama mzee na pekee, si mafupi kiasi hicho.

Kwa kila kadi fuata utaratibu huu:

1. Funika neno lote kwa karatasi. Isogeze ionekane "ta". Mtoto anasoma.
2. Isogeze tena ionekane "a". Mtoto anasoma "a", fupi, kwa pigo lake.
3. Rudia, sasa pumziko katikati liwe dogo.
4. Ondoa karatasi. Mtoto anapitisha kidole chini ya neno bila kukiinua na kusoma kwa pumzi moja: taa.
5. Alitumie neno katika sentensi yake mwenyewe.

Namba 4 ndiyo yenye uzito. Ukiishia namba 3 utapata mtoto anayekata sauti kooni: "ta", kimya, "a". Kiswahili hakikati hapo. Sauti ya irabu ya kwanza inaingia katika ya pili bila mlango kufungwa. Kidole kinachoteleza kinasaidia kuliko maelezo. Kama bado anakata, mwambie aimbe neno kwa noti mbili, ya juu kisha ya chini, bila kufunga sauti, halafu aliseme kawaida.

Unaweza kuipaka rangi irabu ya pili katika siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo rangi iondoke, kwani vitabu havina rangi na mtoto hutegemea msaada haraka.

Hatua ya 4: Jozi kwenye kadi

Zirudishe jozi za hatua ya 1, sasa zimeandikwa. Weka "kata" na "kataa" mezani, tamka moja, mtoto aichukue. Kisha geuza: wewe onyesha kadi, yeye atamke, na mwenzake ambaye haioni kadi aseme ni lipi. Mwenzake akikosea, ujue msomaji hajatamka vizuri, na wote wawili wanagundua bila wewe kusahihisha.

Halafu sentensi zenye nafasi ya kuchagua:

- Fundi ______ ubao kwa msumeno. (alikata / alikataa)
- Mtoto ______ sakafuni. (anatamba / anatambaa)
- Dada amevaa ______. (shanga / shangaa)
- Kelele zimezidi, ______! (koma / komaa)

Ukitaka kutunga jozi zako, futa kwanza irabu moja na ulisikilize neno linalobaki. Yapo maneno ya kila siku ambayo yakipoteza irabu moja yanakuwa matusi. Yaondoe kwenye zoezi la jozi. Yasomwe ndani ya sentensi tu.

Mpe sasa kifungu kifupi cha kusoma peke yake. Mfano: "Taa iko juu. Babu amekaa. Saa imelia. Babu ameshangaa. Saa ya nani hii? Juma amekataa kusema." Kisome kwanza wewe, kwa mwendo wa mazungumzo, kisha yeye.

Hatua ya 5: Maneno yenye ugumu wa ziada

Choo, njoo, ndoo na kondoo yana herufi mbili za konsonanti mbele ya irabu, kwa hiyo mtoto anabeba mizigo miwili kwa pamoja. Hakikisha kwanza anasoma cho, njo na ndo peke yake. Mzee, mguu, mtaa na mjukuu yana m inayosimama kama silabi: m-ze-e ni makofi matatu. Mtoto anayesema "muzee" ana tatizo la m, na si la ee, usichanganye matibabu.

Kisha fuata maneno marefu yenye irabu mbili mwishoni: kifaa, jamaa, bidii, nukuu, sikukuu. Mkazo uko palepale, silabi ya pili kutoka mwisho: bi-DI-i.

Irabu mbili zikiwa katikati ya neno, mambo yanabadilika kidogo. Katika "kaanga", mkazo uko juu ya a ya pili: ka-A-nga. Linganisha na kanga: KA-nga. "Msaada" ni m-sa-A-da, "baada" ni ba-A-da. Lakini "taarifa" ni ta-a-RI-fa, "maarifa" ni ma-a-RI-fa: mkazo uko mbali, na aa inapita upesi bila chochote cha kuiinua. Hapa ndipo watoto wanaposoma "tarifa" na "marifa", na hata watu wazima husema hivyo wakiwa na haraka. Sikio peke yake halitoshi kwa maneno haya. Yahesabiwe kwa vizibo, yasomwe kwa karatasi ya kufunikia, na yaandikwe mara kwa mara mpaka jicho liyazoee.

Hatua ya 6: Irabu zinazokutana katika vitenzi

Kwa hesabu ya kurasa, irabu mbili nyingi ambazo mtoto atakutana nazo hazimo katika mzizi wa neno. Zinazaliwa pale kiambishi kinapokutana na mzizi unaoanza kwa irabu: anaandika, anaanza, aliita, aliingia, tuliimba, kuuza, kuuliza. Ndiyo sababu "anandika" ni kosa la kila daftari.

Dawa yake ni kadi tatu: "a", "na", "andika". Mtoto azisome moja moja, kisha azisogeze zigusane. Mwulize: herufi gani imedondoka? Hakuna. A ya "na" ipo, na a ya "andika" ipo. Fanya hivyo kwa "a", "li", "ita"; kwa "tu", "li", "imba"; na kwa "ku", "uza". Akiandika "kuza" kwa maana ya kubadilishana bidhaa kwa pesa, mwonyeshe kadi mbili na umkumbushe kwamba kuza ni kufanya kitu kikue. Angalia jozi ya kuuliza na kuliza: ku-u-LI-za, ku-LI-za. Mkazo uko kwenye li katika yote mawili, kwa hiyo ujanja wa mkazo hausaidii. Ni kuhesabu tu.

Kanuni hii ya kadi ni ya vitenzi. Usiipeleke kwenye nomino, maana huko viambishi vingine humezwa: wa na alimu ni "walimu", lakini wa na andishi ni "waandishi". Nomino zifundishwe neno kwa neno.

Mwishoni mwa kitenzi pia zinajitokeza. Pokea inakuwa apokee, tembea inakuwa atembee. Sikia inakuwa hasikii, tumia inakuwa hatumii, lia inakuwa halii. Mtoto aliyepitia hatua ya 2 vizuri huyaona haya kama mchezo uleule wa kubadilisha kadi ya mwisho.

Makosa yanayorudi na yanakotoka

Mtoto anasoma mwanzo wa neno na kukisia mwisho. Huyu atasema "kata" kwa kila "kataa". Hana tatizo la irabu, ana haraka. Mrudishe kwenye karatasi ya kufunikia, na umpe jozi ambazo kukisia hakumlipi.

Mtoto anasoma "mzee" kama "mzii", "koo" kama "kuu". Huyu anajifunza kusoma Kiingereza wakati huohuo na amechukua kanuni za huko. Usimkemee, kwani kila kanuni ni sahihi katika lugha yake. Tenganisha vipindi vya lugha hizo mbili, visifuatane, na mwanzoni mwa kipindi cha Kiswahili mwombe asome a, e, i, o, u fupi mara moja. Kisha fanya kazi ya koo na kuu, hee na hii.

Mtoto ambaye lugha ya nyumbani ina irabu ndefu zilizo silabi moja, kama Kiganda, anaweza kusoma "taa" kwa pigo moja refu. Kwa sikio tofauti ni ndogo, lakini mkazo utamponza kwenye neno refu: atasema KA-taa. Mpigishe kofi la nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mengine mepesi.

Mtoto anaandika "sanaaaa" au "kataaa". Ameona watu wakiandika hivyo kwenye ujumbe wa simu ili kutia hisia. Mweleze wazi kwamba ile ni namna ya kuonyesha sauti ya mtu, na kwamba katika daftari "sana" ina a moja mwishoni.

Imla na upimaji

Imla ianze tangu hatua ya 3, maneno matano tu kwa siku, matatu yenye irabu mbili na mawili yasiyo nazo. Ukiyaweka yote yawe na irabu mbili, mtoto ataziongeza kila mahali na kupata alama zote bila kusikiliza. Kabla ya kuandika, aweke vizibo. Baada ya kuandika, ahesabu irabu alizoandika, pamoja na m inayosimama kama silabi, na azilinganishe na vizibo. Zikilingana, aendelee, zisipolingana, atafute mwenyewe. Kujikagua huku kunamfaa kuliko alama nyekundu.

Upimaji wa mwisho ufanywe na mtoto mmoja mmoja. Darasa likisoma kwa pamoja, wanaojua huwafunika wasiojua. Katika darasa kubwa, waite watoto watano kila siku wakati wengine wanaandika. Mpe kadi kumi, tano za kila aina, ambazo hajazitumia katika mazoezi ya wiki hiyo. Tisa kati ya kumi ni kufaulu. Ongeza maneno manne ya kubuni, kama "pidoo", "tokuu", "rabe" na "meda", ukimwambia kwamba ni ya kuchezea na hayana maana. Anayesoma maneno halisi vizuri akashindwa haya, amekariri sura za maneno. Mrudishe hatua ya 3 kwa siku chache. Anayeshindwa hatua ya 1 hata baada ya wiki mbili za kusikiliza, na ambaye pia huomba urudie unachosema au hukutazama mdomo, apelekwe akapimwe masikio kabla ya kuongezewa mazoezi.